Mama anauliza tena swali lile lile

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hamjambo? Hatujambo, habari za huko? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Watoto je? Hawajambo, wanakuamkia. Haya, wasalimie sana, na mwenzio. Simu inakatika. Dakika tatu zimepita, na aliyepiga kutoka Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis anawaandikia nduguze kwenye kundi la WhatsApp la familia: nimeongea na mama, yuko salama salimini.

Huenda ni kweli. Ila mazungumzo hayo hayathibitishi lolote. Salamu hizo mzee amekuwa akizitoa na kuzipokea tangu utotoni, mara kadhaa kila siku ya maisha yake, na ni miongoni mwa mambo ya mwisho kumtoka. Mtu anaweza kuwa hajui kama leo ni Jumanne au Ijumaa, hajui kama amekula, na bado akaitikia shikamoo ya mwanawe bila kukosea hata neno. Akikwama, adabu inamwokoa. Jina la mkwe limempotea, anasema "mwenzio". Majina ya wajukuu yameyeyuka, anasema "watoto". Mji unaoishi haumjii, anasema "huko kwenu".

Ndiyo maana katika familia nyingi wa kwanza kuona tatizo si anayepiga simu wala anayetuma pesa. Ni mjukuu anayelala chumba kimoja na bibi na kumsikia akizunguka saa nane za usiku. Ni dada wa kazi. Ni mwenye duka la jirani, aliyemwona mzee akija kununua sukari mara tatu asubuhi moja. Na hao hasa ndio ambao kwenye vikao vya familia hakuna anayewauliza kitu.

Ugonjwa ninaouzungumzia wataalamu wanauita dimensia, na wengi wetu tunaufahamu kama ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nimeusikia ukizungumzwa misibani, kwenye mabasi ya mikoani, kwenye foleni za hospitali, na karibu kila mara hadithi ina umbo lile lile: ulionekana miaka miwili au mitatu kabla ya mtu yeyote kuthubutu kuutaja. Tunamheshimu mzee kwa kutomkosoa, kutomhoji na kummalizia sentensi aliyoshindwa kuimaliza. Heshima hiyo nzuri ndiyo inayousitiri ugonjwa mpaka siku mzee anapookotwa stendi ya basi, hajui anakwenda wapi.

La kutazama ni badiliko

Kusahau peke yake si ugonjwa. Mzee anayetafuta miwani nyumba nzima, akaikuta kichwani mwake na kucheka, ni mzee kama wazee wengine. Jina la mtu linamtoka saa nne asubuhi, linarudi lenyewe saa saba akiwa anakula. Huo ni umri. Kinachopaswa kutushtua ni jambo ambalo mtu huyu alikuwa akilifanya bila hata kufikiri, na sasa limemshinda. Baba ambaye hajawahi kupika maisha yake yote huwezi kumpima kwa sufuria. Mpime kwa lile alilokuwa bingwa wake.

Mama aliyepikia harusi na misiba ya mtaa mzima kwa miaka 40 anasimama jikoni, mchele na viungo viko mbele yake, na hajui kinatangulia kipi. Leo chumvi imeingia mara mbili, kesho haimo kabisa. Fundi cherehani anapima suruali ya mteja, anapima tena, kisha anakunja kitambaa na kusema macho hayaoni. Muumini aliyeswali tangu utoto anapotelewa na hesabu ya rakaa, anaanza upya, na dakika chache baada ya kumaliza anatandika tena mkeka. Mzee aliyekuwa mweka hazina wa kanisa, aliyesifika kwa daftari safi, hesabu zake hazikutani, na badala ya kutafuta kosa anawatuhumu wenzake.

Pesa zinatoa siri mapema kuliko karibu kitu kingine chochote, na siku hizi pesa ziko kwenye simu. Mzee anakosea namba ya siri mpaka inafungwa, kila wiki. Anamtajia wakala namba hiyo kwa sauti, mbele ya wateja wengine, jambo ambalo mwaka juzi asingelifanya hata kwa viboko. Anatuma ada ya mjukuu, na kesho yake anaituma tena. Ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii" tunaoufuta sote kwa kicheko, yeye anautii.

Kisha inakuja tuhuma ya wizi. Mzee ameficha fedha zake chini ya godoro au ndani ya gunia la mahindi, amesahau kwamba yeye ndiye aliyezificha, na akili yake inatafuta maelezo: nimeibiwa. Anayetajwa ni yule aliye karibu zaidi, dada wa kazi au mkwe. Kama nyumbani kwa mama yako wameshafukuzwa mabinti watatu mmoja baada ya mwingine kwa wizi ambao haukuthibitika, tafadhali acha kulalamikia wasichana wa siku hizi. Mtazame mama.

Zipo aina za ugonjwa huu ambazo hazianzii kwenye kumbukumbu hata kidogo. Moja huanza na tabia. Mzee mstaarabu aliyekuwa akiinamisha macho mbele ya wakwe sasa anawatukana, anakula kwa pupa, anajivua nguo sebuleni, na haoni haya. Nyingine huja na maruerue: anaona watoto wamekaa kwenye kochi, anawazungumzisha, huku hatua zake zimekuwa fupi na mikono inatetemeka. Leo yuko vizuri kabisa, kesho kama si yeye. Katika aina hii ya pili kuna onyo ambalo halijulikani vya kutosha mitaani: dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, zinaweza kumdhuru mno. Si za kununuliwa dukani kwa sababu jirani alimpa babu yake akalala.

Mambo yanayojifanya dimensia

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza wazazi ambao wangeweza kupona.

Dimensia, kwa kawaida, huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili zake Jumatatu, na Jumatano hamtambui mwanawe, anaongea ovyo, anasinzia mchana na kukurupuka usiku, huyo ana dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au kupanda, au kiharusi. Miili ya wazee ina hila: maambukizi makubwa yanaweza kuwapo bila homa kali na bila kikohozi, dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya msiba wa jirani kuisha. Na hata yule ambaye tayari ana dimensia, akibadilika ghafla, kanuni ni hiyo hiyo.

Kuna kuanguka. Bibi aliteleza bafuni wiki kadhaa zilizopita, akajipangusa, akasema hajaumia. Wakati mwingine damu huvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na baada ya wiki mtu anaanza kusahau, kusinzia, kuburuta mguu. Picha ya CT inaonyesha, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa damu hiyo. Mwambie daktari kuhusu anguko hata kama mzee mwenyewe anakukonyeza unyamaze.

Kuna dawa. Fungua mfuko wa dawa wa mzazi wako, ule wa plastiki unaoning'inia ukutani, uone yaliyomo. Piritoni ya mafua na mwasho, amitriptilini aliyopewa kwa ajili ya maumivu ya neva, diazepamu ya usingizi aliyoizoea miaka mingi: zote zinaweza kuiweka akili ya mzee gizani. Metformini, dawa ya kisukari wanayotumia wengi, ikitumiwa kwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa vitamini hiyo nao huleta kusahau na ganzi ya miguu. Usizikatishe kwa uamuzi wako. Beba mfuko mzima, umwage mezani kwa daktari.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa kiwango cha chini hupunguza kasi ya fikra. Sonona, hasa kwa mjane au mgane aliyebaki peke yake baada ya miaka 50 ya ndoa, hufanana mno na dimensia. Virusi vya Ukimwi na kaswende ya muda mrefu hushambulia ubongo, na hivi ndivyo vipimo ambavyo watoto huona aibu kuviomba kwa ajili ya baba yao. Aibu hiyo haina faida kwa yeyote. Halafu kuna masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri hujibu swali ambalo hukumuuliza, na mwenye mtoto wa jicho huweza kushindwa kumtambua aliyesimama mlangoni. Nta ya masikio ikasafishwa, jicho likafanyiwa upasuaji, na familia ikagundua kwamba mzee wao hakuwa amekwenda popote.

Mgonjwa wa kwanza hakuwa mzee

Tunaposema "ni uzee tu" tunasahau historia ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1901 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, Ujerumani, alilazwa mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Alikuwa na umri wa miaka 51. Alikuwa akimtuhumu mumewe, akisahau, akivuruga kazi za nyumbani alizozimudu. Daktari wake, Alois Alzheimer, alimhoji na kuandika majibu yake, na Auguste alipofariki mwaka 1906, daktari huyo aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kukuta mabaka na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe za neva. Novemba mwaka huo aliwasilisha ripoti yake mjini Tübingen, na ugonjwa ukaja kupewa jina lake. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wenye dimensia wana aina hiyo. Inayofuata kwa umuhimu kwetu sisi tunaoishi na presha isiyotibiwa ni ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingine kidogo kidogo bila kiharusi kinachoonekana.

Umri unaongeza hatari, hilo halina ubishi. Lakini wazee wengi hufika miaka 80 na 90 wakiwa na akili zao, na hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta.

Wapo pia wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wenye dimensia duniani, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na ushahidi wa hapa kwetu upo, miguuni mwa Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walizunguka vijiji vya wilaya ya Hai, wakawapima karibu watu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimensia. Hao ni watu waliokuwa majumbani mwao, wengi wao wakihesabiwa kuwa wamezeeka tu.

Kazi ya Hai ilizaa jambo jingine ninalolipenda zaidi. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba saba. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu ataonekana mgonjwa hata kama akili yake ni kali kuliko ya anayempima. Kipimo kilichoandaliwa kwa ajili ya wazee wa Afrika, kinachoitwa IDEA, kikajaribiwa Hai na Nigeria, kinatumia njiti za kiberiti: mhudumu anapanga umbo, mzee analiiga. Anatajiwa maneno, na baadaye anaulizwa ameyakumbuka mangapi. Anatakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hakuna kalamu wala karatasi kwa mzee. Mfugaji anang'ara kwenye wanyama, na asiyesoma haonewi.

Kaanguka na ungo

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, ya kutochelewa. Wenye dimensia wengi huvurugikiwa na usiku. Jua likizama wanahangaika, wanataka "kwenda nyumbani" hali wako nyumbani, na mlango ukiwa wazi wanatoka. Sasa fikiria alfajiri, kijijini, bibi anakutwa ndani ya ua wa watu, kanga imeanguka, hajui alivyofika pale, anaongea peke yake. Sote tunajua sentensi itakayotamkwa na wa kwanza kumwona: mchawi kaanguka na ungo.

Ukisoma orodha ya dalili za ugonjwa huu kisha ukasikiliza hadithi za wachawi walioanguka, unapata baridi. Kutembea usiku, kusahau alikotoka, kujivua nguo, kuzungumza na wasioonekana, kumlaumu jirani bila sababu. Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi imezika akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jiko kwa miaka yote ya kupikia familia. Pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kilifi, wazee wa kiume kwa wa kike wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi kukiwa na shamba la urithi nyuma ya pazia. Sidai kwamba wote walikuwa wagonjwa. Wengi hawakuwa na tatizo lolote ila ardhi. Ninachosema ni kwamba mzee mwenye dimensia katika kijiji kisichoijua dimensia yuko hatarini, na mtoto anayeficha ugonjwa wa mama yake kwa kuogopa aibu anamwacha bila utetezi. Waambie majirani. Mwambie balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji: mama ana ugonjwa wa kumbukumbu, yuko kwenye matibabu, mkimwona barabarani mrudisheni. Waambie na vijana wa bodaboda kijiweni, maana hakuna polisi anayejua sura za mtaa kama wao.

Kumpeleka

Ugumu wa kwanza ni mzee mwenyewe. Wengine hawaoni tatizo kabisa, na si ukaidi. Ugonjwa umekula hata uwezo wa kujitambua. Wengine wanajua, na wanaogopa kuliko wewe. Usimwanike mezani mbele ya wajukuu, wala usimfanyie mtihani wa "huyu ni nani, mama, mtaje huyu". Zungumza naye mkiwa wawili, asubuhi, wakati akili imetulia.

"Mama, naona siku hizi usingizi hauji vizuri na mambo yanakutoka kidogo. Naomba twende tukapime."

"Mimi siumwi."

"Najua, mama. Basi nisindikize mimi. Na mimi presha yangu sijaipima muda mrefu, tupime wote wawili."

Atakayesema huo ni ujanja, nakubali. Ni ujanja halali, na presha yako kweli inahitaji kupimwa.

Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, maana vipimo vya mwanzo, presha, sukari, wingi wa damu, malaria, mkojo, VVU, havihitaji jiji. Kutoka hapo kuna hospitali ya wilaya, ya mkoa, na kwa rufaa zile kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako mnaweza kupata daktari wa magonjwa ya akili au wa mfumo wa fahamu. Wengi hushtuka wakielekezwa kliniki ya afya ya akili. Wanadhani mzazi wao ameitwa kichaa. Nendeni. Ni idara inayoujua ugonjwa huu.

Kabla ya kwenda, nunua daftari la kurasa chache. Andika lini mliona badiliko la kwanza, liliongezeka taratibu au kwa vishindo, mambo gani hasa yamemshinda, ameanguka lini, anatumia dawa zipi, ana kiharusi au kisukari katika historia yake. Daktari mwenye foleni ya watu 60 nje hana muda wa kuchimba. Daftari lako linamfanyia nusu ya kazi. Na aende naye mtu anayeishi na mzee, si yule mwenye gari. Mwenye gari awe dereva.

Jiandae pia kuambiwa "ni uzee huo, mrudisheni nyumbani mkampe uji". Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Alzheimer uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 62 ya wahudumu wa afya waliohojiwa duniani waliamini kwamba dimensia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Basi ukikutana na mmoja wao, mjibu kwa adabu: asante daktari, naomba rufaa. Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua haki ya wazee kupata matibabu, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha lao. Wazee wenyewe watakuambia kwamba dirisha na dawa ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo beba na akiba kidogo.

Baada ya jibu

Hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Donepezili na memantini huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, na dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024 hupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa bado mchanga, kwa sindano za mishipani na picha za ubongo za mara kwa mara. Ukiuziwa chupa ya "kurudisha kumbukumbu" stendi au mtandaoni, weka pesa yako mfukoni.

Linaloweza kufanyika ni lile la kila siku. Presha na sukari zidhibitiwe, hasa pale ubongo unapoharibiwa na mishipa ya damu. Masikio yashughulikiwe. Siku iwe na mpangilio ule ule: chai saa ile ile, matembezi yale yale. Kazi asinyang'anywe zote. Kama kupika kumemshinda, mpe maharage achambue, mpe nguo akunje. Mkaa na gesi visimamiwe na mwingine, kisima kifunikwe, komeo la mlango liwekwe mahali asipopazoea. Mfukoni mwake kuwe na karatasi yenye namba ya simu ya mtoto.

Na acheni kubishana naye. Akisema anamsubiri mumewe aliyefariki miaka kumi iliyopita, kumwambia "baba alishakufa, mama, umesahau?" ni kumfiwisha upya, na kesho atauliza tena, atafiwa tena. Muulize baba alikuwa mtu wa namna gani. Ataongea kwa raha, na unaweza kusikia habari ambazo hukuwahi kuzisikia.

Mambo ya mali yasisubiri. Wosia, kiwanja, akaunti ya benki na hati ya uwakili vinamtaka mtu mwenye akili timamu anayeelewa anachokitia saini. Mwezi wa kwanza baada ya kuambiwa na daktari, wakati mzee bado anaweza kusema anachotaka, ndio wakati wa kumwita mwanasheria. Ukichelewa, kila karatasi itakayokuja baadaye inaweza kupingwa mahakamani na ndugu, na huenda wakawa na haki. Zanzibar, ambako wazee wa miaka 70 na zaidi wamekuwa wakilipwa pensheni jamii tangu mwaka 2016, swali la nani anashika fedha hizo kwa niaba ya mzee aliyepoteza kumbukumbu lijibiwe mbele ya ndugu wote, si chumbani kwa mmoja.

Anayebaki na mzee, katika familia zetu, karibu kila mara ni mwanamke mmoja. Ni binti ambaye hakuolewa au aliyeachika, au mke wa mtoto wa mwisho. Halali, hatoki, biashara yake ndogo imekufa, na mgonjwa anayemuogesha kila siku ndiye anayemwita mwizi. Ndugu wanatuma pesa na kuuliza zimetumikaje. Nairobi kuna chama cha ADOK, kilichoanzishwa na Elizabeth Mutunga, ambacho huwakutanisha walezi wa wagonjwa wa dimensia wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Misikiti, makanisa na vikoba vyetu vingeweza kuanzisha kitu kama hicho bila kungoja mfadhili. Lakini hata kabla ya hapo, wewe ndugu uliye mbali unayesoma haya: likizo yako ya mwaka huu itumie kumlea mzee mwenyewe, wiki mbili, usiku na mchana, bila msaidizi. Dada yako aende akapumzike anakotaka. Nauli yake iwe juu yako.